Harufu Niliyokwenda Nayo Mzingani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujipulizia pafyumu siku ya kurina asali. La pili, ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika, lilikuwa kunyamaza.

Mimi ni fundi simu hapa Shanwe, Mpanda mjini. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video na kuharibu simu zangu mwenyewe mpaka mkono ukazoea. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui lini amehitimu. Kila siku anasubiri mtu aingie dukani amwambie kwamba alichofanya si sahihi. Nikishafunga simu ya mteja naifungua tena kuhakikisha. Kioo nakifuta mara tatu. Wateja wanapenda. Wao hawajui kwamba nikiwa kitandani naendelea kujiuliza kama ile skrubu ya chini niliikaza.

Tena natoka jasho. Si jasho la jua. Linatoka kwapani na viganjani hata asubuhi ya mwezi wa sita, watu wote wakiwa kwenye masweta. Tangu sekondari nimekuwa nikiogopa watu watasikia harufu yangu, na ndiyo sababu nikawa mtu wa pafyumu. Kachupa hakakosi mfukoni.

Kila mwaka, mwezi huohuo wa sita, nilikuwa nakwenda upande wa Kasansa kwa baba mdogo, kumsaidia kurina asali. Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, nikiwa darasa la tatu. Alikuwa mlevi kwa miaka mingi, na kila mtu kijijini alijua njia yake ya kurudi nyumbani, maana alikuwa anaimba. Kisha Kwaresima moja akaacha. Hakutangaza, aliacha tu. Akaungama, akaanza tena kupokea komunyo, na ule mwaka ninaousimulia alikuwa amemaliza mwaka mzima na zaidi bila kugusa pombe. Watu waliendelea kumwangalia kama wanavyoangalia ukuta uliopigwa plasta juzi, wanangoja wapi utapasuka.

Mizinga yake iko msituni, nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Mingine ni ya magogo, juu ya miti, na mingine ni ya masanduku ambayo mimi mwenyewe nilimshawishi atengeneze. Ana sheria zake za kurina, na alinifundisha nikiwa mdogo. Tangu jana yake huogi kwa sabuni ya kunukia. Huli kitunguu kibichi. Hugombani na mtu. Na pombe ndiyo usiiguse kabisa, kwa sababu nyuki wakisikia harufu kali wanakasirika, na hakuna harufu wanayoichukia kama ya mlevi. Hilo si yeye peke yake anayesema. Kule ukiumwa na nyuki wengi, swali la kwanza utakaloulizwa ni ulikunywa nini.

Jumapili niliyotaka turine, katekista wa kigango chetu alinifuata kabla ya ibada.

"Wewe wa mjini, utatusomea somo la kwanza."

"Sijajiandaa, mwalimu."

"Kusoma nako kunahitaji kujiandaa? Wenzako wanasoma humu na miwani ya kuazima."

Nilirudi nyumbani mbio, nikalisoma lile somo mara tano nimesimama nyuma ya mlango. Shati likalowa. Nikabadilisha, la pili nalo likaanza kulowa. Nikatoa kachupa: shingoni mara tatu, kila kwapa mara mbili, na moja kifuani. Nakumbuka hesabu kwa sababu mimi huhesabu vitu. Nilisoma vizuri, hakuna neno nililokosea. Wakati narudi kukaa, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyu ananukia kama duka," na wakacheka. Mimi nikafurahi.

Baba mdogo hakutaka kurina siku hiyo.

"Leo Jumapili, mwanangu. Na nyuki nao wapumzike."

"Kesho asubuhi nina basi, baba."

"Basi litakuwepo na keshokutwa."

"Nina simu za watu dukani. Nimewaahidi."

Alinitazama kidogo, akakubali. Tukatoka saa kumi jioni. Njiani aliniuliza, kama anavyouliza kila mwaka, "Umeoga?"

"Nimeoga," nikasema.

Ni kweli nilikuwa nimeoga asubuhi, kwa maji matupu, kama sheria inavyotaka. Pafyumu ilikuja baadaye. Aliuliza kitu kimoja na mimi nikajibu hicho kimoja. Nilijua. Naandika neno hili peke yake ili nisipate pa kujificha: nilijua. Nilifikiri imeshaisha nguvu. Nilifikiri moshi utaifunika. Zaidi ya yote nilifikiri nikisema, ataona sikufanya kitu sawasawa.

Ovaroli ya kurinia ilikuwa moja tu, nyeupe, yenye kofia ya wavu. Nilikuwa nimeinunua mimi. Baba mdogo akanisukumia.

"Vaa wewe. Mimi hawa wananijua."

Yeye alivaa koti lake la zamani na kofia ya majani aliyoishonea wavu wa chandarua. Akanipa bomba la moshi. Nikapuliza moshi kama inavyotakiwa, nikafunua mfuniko wa sanduku la kwanza, nikainama.

Mlio wa nyuki ulibadilika. Anayewajua anaujua mlio huo. Ni kama watu waliokuwa wanazungumza ukumbini halafu wote wakageuka kwa pamoja. Joto la ovaroli lilikuwa limeichemsha ile pafyumu upya, hata mimi niliisikia ikipanda ndani ya kofia. Walitoka kama wamemwagwa. Wakanijaa usoni, juu ya wavu, mpaka sikuona.

"Rudi nyuma taratibu," baba mdogo alisema. "Taratibu. Usikimbie."

Nikakimbia. Bomba la moshi nililitupa. Mimi walikuwa hawanipati ndani ya ovaroli, wakampata yeye. Alikuwa amesogea mbele kurudisha ule mfuniko nilioacha wazi.

Tulimfikisha zahanati kwa pikipiki ya jirani, mimi nimemshikilia kwa nyuma. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho hayaonekani. Alichomwa sindano, akatundikiwa dripu, akalala pale siku mbili. Mhudumu alisema tumshukuru Mungu. Sikumshukuru vizuri. Kazi yangu ilikuwa kunusa mikono yangu.

Jumatatu jioni wanajumuiya walikuja nyumbani kusali. Baba mdogo alikuwa bado zahanati. Tulisali rozari yote. Ilipoisha, mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu wa mto wa pili, akakunja rozari yake na kusema:

"Tumwombee sana mzee huyu. Nyuki hawamsingizii mtu."

"Mama, ameacha," mama mdogo akasema taratibu. Mama mdogo ni mke wake.

"Nani anakataa? Shetani hachoki, ndicho nasema." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa naye. Hukusikia harufu yoyote?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa machache tu.

"Sikuwa karibu naye," nikasema.

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Alikuwa ananiamini mimi. Yaani alianza kumtilia shaka mume wake kwa sababu ananiamini mimi.

Jumatano nilirudi Mpanda.

Ndani ya wiki mbili mwili wangu ulikuwa umeharibika. Sina neno zuri zaidi. Mkono ulitetemeka nikishika kifaa cha kuchomelea, na kwenye simu mkono ukitetemeka umeua simu. Niliunguza mbili. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nimekaa tu. Taya ziliniuma asubuhi kama nimetafuna mifupa. Nikajisemea ni malaria, kisha nikajisemea ni vidonda vya tumbo. Nikaomba. Niliomba kwa nguvu, nikafunga siku tatu, nikaamka alfajiri kusali huku nimekunja ngumi. Kila nilipomaliza kuomba nilikuwa nimechoka zaidi, na nikahesabu hilo pia kuwa ni upungufu wa imani.

Mwishoni nilikwenda hospitali. Aliyenipokea alikuwa sista, muuguzi, mtu wa makamo mwenye viatu vya raba chini ya gauni lake la kijivu.

"Malaria huna," alisema akirudisha karatasi. "Presha ni ya mzee. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Hee. Na unapumua kwa mabega. Tangu umeingia humu tumbo lako halijasogea hata kidogo. Umelishikilia nini?"

"Sijui, sista. Ila naomba sana."

"Unaombaje?"

"Naomba Mungu aniondolee hii hofu."

"Umeshawahi kumwonyesha ilipo?"

"Si anajua ilipo?"

"Yeye anajua. Wewe ndiye hujui."

Akanivua viatu pale pale, nikaona aibu kwa soksi. Akaniambia nikanyage sakafu, nisikilize nyayo tu, baridi yake, uzito wake. Kisha nipande polepole: vifundo, mashavu ya miguu, magoti, mapaja, na kila mahali nisimame nivute pumzi mpaka chini, niitoe bila haraka. "Na kila mahali umwambie Bwana, hapa pako hivi. Usimwombe aondoe kitu. Mwonyeshe tu, kama unavyomwonyesha mgeni nyumba yako. Ukifika kichwani, sema amina, nenda kazini."

Lilikuwa jambo jepesi. Na mimi, kwa jinsi nilivyo, nililigeuza mtihani. Nilinunua daftari. Nikachora jedwali: nyayo, magoti, kiuno, kifua, mabega, taya. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilikaa kwenye kigoda, nikapita mwilini, kisha nikajipa alama kati ya kumi. Mabega saba. Taya sita. Na kweli, nisidanganye, ilisaidia. Mkono ulianza kutulia. Mapigo ya moyo yalishuka. Nilijiona nimepona, nikaanza hata kumfundisha kijana wa duka la jirani anayeuza mbegu.

Ila katika jedwali lile hapakuwa na tumbo. Nilikuwa natoka kiunoni naingia kifuani. Mara ya kwanza nililisahau. Mara ya pili nililikumbuka, nikafika, nikakuta pamekaza kama ngozi ya ngoma, nikapita haraka. Baada ya hapo nilikuwa naliruka kwa makusudi, na bado najipa alama nzuri. Nilikuwa natumia sala kutuliza mwili ili niendelee kunyamaza kwa raha. Mtu anaweza kufanya hivyo. Mimi nimefanya karibu mwezi mzima.

Ndipo mama mdogo akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako anataka kugawa mizinga."

"Kugawa? Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Anasema hafai tena kwa nyuki. Na padri alikuja Jumapili, watu wote wamekwenda kukomunika, yeye amebaki kwenye benchi. Mara ya pili hiyo."

"Amekunywa?"

Niliuliza hivyo. Mimi niliyejua.

"Hajanywa, mwanangu. Nimemwangalia kila siku, hajanywa. Anasema miaka yote ile pombe ilimwingia mpaka kwenye damu, na haijatoka. Anasema nyuki walisikia iliyo ndani. Nafikiri unamjua kuliko mimi. Uje umwambie kitu."

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kigoda bila daftari. Nyayo. Magoti. Kiuno. Nilipofika tumboni nikakaa. Sikuvuta pumzi kwa ufundi wowote, nilikaa tu pale palipokaza, nikasema, Bwana, hapa pako hivi. Pakazidi kukaza. Nikasema tena. Halafu nikasikia ile harufu ya pafyumu, wazi kabisa, ingawa kachupa nilikuwa nimekatupa siku niliyorudi kutoka zahanati. Na pamoja nayo nikaona kofia ya majani na mkono wake ukirudisha mfuniko. Nililia mpaka kijana wa mbegu akaja kugonga mlango.

Sikufungua duka siku hiyo. Nilipanda basi.

Nilimkuta baba mdogo uani, amekaa kwenye gunia, anapukuchua mahindi kwa mikono. Uso ulikuwa umerudi kama zamani, ila alikuwa amekonda. Nilimwamkia, nikavuta kigoda, nikachukua hindi nami nikaanza kupukuchua. Tulipukuchua labda mahindi kumi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ndani ya basi, yenye mwanzo na mwisho. Ikapotea yote.

"Baba, siku ile nilikuwa na pafyumu."

"Siku ipi?"

"Ya nyuki. Nilijipulizia asubuhi kwa ajili ya kusoma somo. Uliponiuliza kama nimeoga, sikusema. Na jumuiya waliponiuliza, sikusema."

Mikono yake ilisimama.

"Pafyumu," akasema.

"Ndiyo."

Akacheka. Alicheka kabisa, mpaka kuku wakasogea, na kwa muda mfupi nikadhani yamekwisha. Kisha kicheko kikakatika.

"Unajua mimi nimefanya nini miezi hii miwili? Nalala na mkono puani. Najinusa. Mama yako akilala, naamka najinusa shati, najinusa jasho. Siku nyingine naisikia kabisa, pombe. Mimi ambaye sijanywa." Alitupa gunzi. "Nikasema, basi, kama nyuki wamenikataa, Mungu naye ananusa hivyo hivyo. Nikapeleke mwili huu mbele kukomunika?"

"Nisamehe, baba."

"Ngoja kwanza. Usinikimbize."

Akachukua hindi jingine, akalipukuchua mpaka likaisha. Mimi nilitaka sana anisamehe upesi, ili nami nipumue, na nikaona hata hapo bado nilikuwa najifikiria mimi. Nikaweka nyayo chini, nikangoja.

"Mimi umeniambia, sawa," alisema hatimaye. "Lakini sikuumwa na nyuki peke yao. Umewaambia nani wengine?"

"Bado."

"Jumapili utawaambia. Na usije na karatasi. Karatasi yako utaipamba."

Jumapili hiyo hakukuwa na padri, ibada iliongozwa na katekista. Baada ya matangazo akaniita mbele, pale pale nilipokuwa nimesoma somo. Sikuwa na pafyumu. Kufikia hatua ya tatu shati lilikuwa limelowa kwapani, na nikajua watu wote wanaona.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina."

Nilisema vibaya. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikasahau kusema habari ya ovaroli, nikaikumbuka baada ya kumaliza, nikarudi kuisema. Sauti ilipanda kama ya kijana anayebalehe. Lakini nilisema: hakuwa amekunywa, harufu ilikuwa yangu, yeye alinipa vazi, na nilipoulizwa nilidanganya.

Yule mwenyekiti wa jumuiya, kutoka benchi la mbele, akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini:

"Kumbe ni yale manukato! Na mimi siku ile nilisema ananukia kama duka."

Watu wakaangua kicheko, hata katekista. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, viganja vimefunika macho, na mama mdogo alikuwa amemwekea mkono mgongoni. Nje, baada ya ibada, mwenyekiti alimfuata akampa mkono. Sikusikia walichosemezana. Wengine walipita bila kumwambia kitu. Kuna wazee wawili ambao mpaka leo wanaamini kwamba nilitumwa na familia kumsafisha.

Padri alipokuja tena, mama mdogo alinipigia simu jioni. "Amekwenda mbele," alisema, akakata kabla sijajibu.

Mwaka huu nilikwenda tena kurina. Mizinga hakuigawa. Nilinunua ovaroli ya pili, na kubwa nikampa yeye. Aliniamuru nioge kwa maji matupu mbele ya nyumba, kama mtoto, kisha akanizunguka akininusa shingo. Bomba la moshi hajanipa, analishika mwenyewe. Mimi nabeba ndoo. Sijui kama amenisamehe au ameamua tu kuendelea na mimi. Sikumuuliza, na tumbo likikaza ninapolifikiria hilo, namwonyesha Bwana na hilo.

Yaliyobadilika ni haya. Sijipulizii kitu tena, na ninaposoma somo shati linalowa, watu wanaona. Daftari la alama nimelitupa. Asubuhi bado nakaa kwenye kigoda kabla ya kufungua duka, naanzia nyayoni, na tumbo siliruki.